Kuzika Mikomamanga

Majani yamekwisha. Juu ya mzabibu yamebaki matatu,
na moja nimelitazama tangu Jumatatu
likikataa.
Hapa Kuva mwezi wa kumi na moja haubishi hodi:
jioni unaanika nguo,
asubuhi suruali ya mtoto imesimama yenyewe kwenye kamba,
ngumu kama ubao.

Karoti nimezilaza shimoni: mchanga, karoti, mchanga.
Kabichi nimezing'oa na mizizi yake, zinaning'inia darini kichwa chini.
Matikiti yamo ndani ya nyavu za matete;
ukiingia gizani yanakugusa bega
kama wageni waliochoka kusubiri.
Vitunguu saumu nimevipanda. Hivyo havina shida na mtu.

Imebaki mikomamanga.
Kumi na mmoja, safu moja, kutoka mferejini mpaka ukuta wa Hoshim.
Kila mwaka Elmurod huizika, mimi hushika kamba.
Mwaka huu Elmurod yuko Kazan anapiga lipu maghorofa ya watu,
na kamba ameishika Dilnavoz, miaka sita,
anayeuliza kama mti ukizikwa husomewa.

Simu imo mfukoni mwa koti, sauti yake inatokea kifuani pangu:
"Usiuvunje kiuno. Uinamishe pole pole,
kama unamlaza mtu mwenye homa.
Udongo usiwe umelowa. Usiwe mkavu pia."
Uwe nini basi? nataka kumuuliza,
lakini huko kwake kuna kelele za winchi, na salio linakwenda.

Nainamisha. Miiba inanikwaruza hadi kiwikoni.
Napiga goti juu ya matawi, nafunga, nalaza,
mabua ya pamba juu yake, kisha udongo,
jembe, udongo, jembe,
mpaka pale uliposimama mti pana tuta
la urefu wa mtu.
Dilnavoz ametupa konzi tatu za udongo.
Sikumfundisha.

Hii kumi ingali mibichi, inakunjika.
Wa kumi na moja aliupanda marehemu mama mkwe
mwaka aliomzaa Elmurod. Shina nene kama paja.
Nikauvuta, ukalia ka!
nikauachia.
Ufa wa urefu wa kidole, na ndani yake umanjano mbichi
ambao haukupaswa kuonwa na mtu.
"Nini hicho?" akauliza mfukoni.
Nikasema mtandao unakatika.

Hoshim akachungulia juu ya ukuta.
"Usiku huu itashuka nyuzi tisa chini ya sifuri.
Mti mzee ni kuni tu, binti yangu."
Alisema kwa wema. Nikamchukia hadi saa ya chai.

Halafu nikapanda juu ya kreti,
nikashusha mfarishi wa juu kabisa
katika rundo nililokuja nalo kwa mume,
ule wa hariri nyekundu, haujawahi kulaliwa,
kwa kuwa tunawawekea wageni,
na wageni wa kiwango hicho hawajatokea.
Ufa niliukandika udongo, kama marehemu alivyokandika tanuri.
Mti nikauvisha, nikaufunga kamba kiunoni, kifuani, shingoni.
Ukasimama kizani kama bibi harusi
aliyesahauliwa mlangoni.

Usiku akapiga tena.
"Umezika yote?"
"Yote."
"Hata wa mama?"
Nje ya dirisha jalidi ilikuwa inatembea juu ya hariri,
chembe kwa chembe.
"Hata wa mama. Umelala vizuri."

Akanyamaza. Nikamsikia anatafuna kitu, mkate pengine.
"Niwekee komamanga moja," akasema. "Mpaka Machi."
Yako manne, ndani ya majivu, chini ya kitanda.
Nilimwambia yako mawili.